Sifuri mbili kwenye daftari la kibanda cha pampu

Daftari lenyewe ni la shule, jalada limeshalika pembe. Mzee anayeendesha pampu amelipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, klorini kwenye bomba la kibandani, klorini kwenye kilula cha sokoni (bomba la umma la kuchotea maji), maelezo. Nililisoma kabla sijagusa spana. Asubuhi 0.6 (miligramu kwa kila lita), saa nane mchana 0.1. Kesho yake asubuhi 0.5, saa nane 0. Halafu nikafikia mstari wa Jumatano moja: saa kumi na mbili asubuhi, 0, na kwenye safu ya maelezo ameongeza baadaye kwa herufi kubwa, WATU WANASEMA MAJI YANANUKA JIKI.

Sifuri, na maji yananuka jiki. Nilimuuliza kama hakukosea kuandika. "Nimeandika nilichokiona, mwanangu. Kidonge cha kupimia nilitia, nikatikisa, maji yakabaki meupe. Lakini hata mimi pua yangu ilikuwa inawasha."

Mradi huu ni wa mji mdogo katikati ya Tanzania. Mji siutaji, na chombo kinachousimamia sikitaji pia, kwa sababu walikosea mambo ambayo nimeyakuta kwingine mara nyingi tu. Una kisima kirefu kimoja, pampu ya kuzama inayotoa mita za ujazo 36 kwa saa, tangi la juu la mita za ujazo 50, na kibanda cha matofali chenye paneli ya umeme. Pembeni ya paneli, juu ya ubao, kuna kipampu cha plastiki ambacho mtu angeweza kukibeba kwenye mfuko wa sokoni. Ndicho kinachotia klorini. Niliitwa kwa sababu walikuwa wameshanunua cha pili, kipya, cha aina ile ile, na tatizo likabaki vile vile.

Pampu ya dozi, yaani ya kutia dawa kwa kipimo, haifanani na pampu tulizozizoea. Pampu ya kisima inazungusha maji na kuyasukuma, na ukiibania vali mbele yake itatoa kidogo, ukiilegezea itatoa kingi. Ya dozi inapima kwa kikombe. Ndani yake kuna kiwambo, kipande cha mpira kilichofunikwa kwa plastiki isiyoliwa na dawa. Nyuma ya kiwambo kuna sumaku ya umeme inayokivuta na kukiachia. Kikivutwa nyuma, dawa inaingia kutoka chini kupitia vali yenye gololi; kikisukumwa mbele, gololi ya chini inakaa, ya juu inanyanyuka, dawa inatoka. Pigo moja, kikombe kimoja. Pampu hii ya mjini imeandikwa lita 8 kwa saa, mapigo 180 kwa dakika ikiwa imefunguliwa yote. Piga hesabu: lita 8 kugawa kwa mapigo 10,800 ya saa nzima ni mililita 0.74 kwa pigo. Hicho ndicho kikombe chake kikubwa kuliko vyote.

Ina vitufe viwili vya kuzungusha. Kimoja kinaongeza au kupunguza kasi ya mapigo, kingine kinarefusha au kufupisha pigo lenyewe, yaani ukubwa wa kikombe. Watu wengi huviona kama vitufe viwili vya kazi moja, ukipunguza hiki au kile matokeo ni yale yale. Kwa maji matupu ni kweli. Kwa klorini si kweli, na nusu ya kisa hiki imelala hapo.

Zamani mradi ulitumia klorini ya unga, ile ya kalsiamu yenye nguvu ya asilimia 65 hivi. Walikoroga kwenye pipa hadi kupata mchanganyiko wa asilimia 1, yaani gramu 10 za klorini kwa kila lita. Walitaka miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji. Maji ni mita za ujazo 36 kwa saa, kwa hiyo klorini inayohitajika ni gramu 54 kwa saa, na dawa ni lita 5.4 kwa saa. Pampu ya lita 8 ilikuwa inafanya kazi kwa theluthi mbili ya uwezo wake. Aliyeichagua alijua anachofanya.

Ila unga wa kalsiamu una mabaki mengi meupe. Yanatuama kwenye pipa, yananyonywa na mpira, yanakaa kwenye kiti cha gololi, na gololi isiyokaa vizuri inavujisha kila pigo. Mzee alikuwa anafungua kichwa cha pampu kila wiki kukisafisha. Basi alipokuja mtu wa kuuza klorini ya maji, ya sodiamu, asilimia 12 kwenye dumu, safi kama mafuta ya kula, kila mtu alifurahi. Hakuna kukoroga tena. Unatumbukiza mpira kwenye dumu, basi.

Dawa ikawa na nguvu mara kumi na mbili ya ile ya zamani. Pampu ikabaki ile ile. Badala ya lita 5.4, sasa zilitakiwa lita 0.45 kwa saa, na fundi aliyefunga akaipunguza kwa vitufe vyote viwili: kasi asilimia 28, urefu wa pigo asilimia 20. Hesabu inatoka vizuri kabisa, asilimia 5.6 ya lita 8. Karatasi haina kosa. Kikombe ndicho kilichosinyaa, kutoka mililita 0.74 hadi 0.15.

Nilifika asubuhi na sikufanya lolote zaidi ya kufunga silinda ya kupimia kwenye mstari wa kufyonza, kipande cha bomba kinachoonyesha ndani, chenye alama za mililita. Unaijaza dawa, unafunga vali ya dumu, pampu inanyonya kutoka kwenye silinda peke yake, na wewe unashika saa. Kwa maoni yangu pampu ya dozi isiyo na silinda hii ni sawa na duka lisilo na mizani, lakini ndicho kifaa cha kwanza kukatwa kwenye bajeti kila mara. Saa tatu asubuhi dawa ilishuka mililita 11 kwa dakika. Mzee alikuwa ameshaongeza pigo kutoka 20 hadi 30 baada ya ile sifuri ya Jumatano, na 11 ndiyo iliyotarajiwa kwa mpangilio huo. Pampu nzima. Wote wawili tuliridhika.

Saa nane nikarudia. Pampu ilikuwa inagonga kama kawaida, tik, tik, tik, taa yake ya kijani ikipepesa kwa kila pigo. Dawa kwenye silinda ilipanda unywele mmoja, ikashuka unywele mmoja. Dakika moja, mbili, tano. Haikushuka hata mililita moja.

"Lakini inafanya kazi," mzee akasema, akiweka mkono juu yake kama anayepima homa. Nilimwelewa. Kwa miezi yote ile alikuwa akija saa nane, anasikia mlio, anaona taa, anaandika 0.1 na kuilaumu dawa.

Kilichokuwa ndani ya kichwa cha pampu ni hewa. Tuseme gesi, maana haikuingia kutoka nje. Klorini ya maji haitulii. Inajivunja yenyewe polepole, na sehemu ya kuvunjika huko inatoa oksijeni. Joto linaiharakisha sana, kila nyuzi 10 zikiongezeka kasi inapanda mara tatu hadi nne, na mwanga wa jua na chembe za chuma au shaba zinaiongezea. Dawa ya asilimia 12 inatoa gesi nyingi kuliko ya asilimia 1. Sasa tazama walivyoiweka: dumu nje ya kibanda, chini ya bati moja, kwa sababu harufu ilikuwa inakera ndani. Mpira wa kufyonza unatoka kwenye dumu, unapanda ukutani, unapita juu ya kizingiti cha dirisha, unashuka hadi kwenye pampu. Pale juu ya dirisha ndipo mahali pa juu kuliko pote, na ndipo jua la mchana linapopiga. Mapovu yanazaliwa kwenye dumu na kwenye mpira, yanakusanyika mgongoni mwa dirisha kama wasafiri stendi, na kila baada ya muda kundi moja linashuka kuingia kwenye pampu.

Je, pampu haiwezi kuisukuma gesi? Hapa ndipo ukubwa wa kikombe unapoanza kuhukumu. Dawa haibonyei, ukiisukuma mililita 0.15, inatoka mililita 0.15. Gesi inabonyea. Kwenye bomba kuu la mradi huu kuna msukumo wa bari 4, na ukijumlisha hewa ya kawaida inayotuzunguka ni bari 5. Ili povu lifungue vali ya juu na kutoka, lazima kwanza libanwe hadi lifikie bari 5 hizo, yaani libaki moja ya tano ya ukubwa wake. Povu la mililita 1 linahitaji kubanwa mililita 0.8. Pigo la 0.15 linaweza kulishinda povu la mililita 0.18 tu, sawa na punje ya mbaazi. Zaidi ya hapo kiwambo kinasukuma, povu linasinyaa kidogo, vali haifunguki. Kiwambo kinarudi, povu linatanuka, vali ya chini nayo haifunguki kwa sababu hakuna nafasi iliyoachwa. Tik, tik, tik. Pampu inapumua gesi ile ile siku nzima. Kwa pigo refu la 0.74 povu linaloweza kushindwa linafika mililita 0.92, kama gololi ndogo ya kuchezea watoto. Kitufe cha kasi hakibadilishi chochote kwenye hesabu hii. Punguza kasi utakavyo, kikombe hakisinyai. Fupisha pigo, umeikabidhi pampu kwa povu.

Jua likishazama dumu linapoa, gesi inapungua, povu linatafunwa kidogo kidogo au linayeyuka, na pampu inaanza kupima tena bila mtu kuigusa. Ndiyo maana kila fundi aliyeitwa asubuhi aliikuta nzima. Ndiyo maana pampu ya pili haikusaidia.

Hiyo inaeleza sifuri ya saa nane. Ya Jumatano asubuhi bado.

Kwanza nilikagua dawa. Dumu limeandikwa asilimia 12, lakini lilikuwa limekaa juani. Njia ya kienyeji ya kupima ni kuchukua mililita 1 ya dawa na kuitia kwenye lita 1 ya maji safi, kisha mililita 10 za maji hayo kwenye lita nyingine 1. Dawa ikiwa asilimia 12 utasoma miligramu 1.2 kwa kipimo cha vidonge. Nilisoma 0.8. Theluthi moja ya nguvu ilikuwa imeshaondoka, na sehemu yake ilikuwa imepitia kwenye kichwa cha pampu kama gesi. Jambo hili ninaliweka hapa kwa sababu linaumiza mara mbili: dozi ilikuwa ndogo hata saa ambazo pampu ilipima vizuri, na mzee alipoongeza pigo kutoka 20 hadi 30 alirudi, bila kujua, kwenye gramu zile zile 54 kwa saa zilizokusudiwa mwanzo.

Halafu tukafungua paneli. Pampu ya kisima ni ya fezi tatu na ina rilei ya ulinzi: fezi moja ikikatika au umeme ukishuka, inazima. Sahihi kabisa, bila hiyo mota ingeungua. Pampu ya dozi ni ya fezi moja, na plagi yake ilikuwa kwenye soketi ya ukutani, ile ile ya kuchajia simu. Nilimuuliza mzee kama Jumanne jioni umeme ulikatika. "Haukukatika," akasema. "Taa ya kibanda iliwaka usiku kucha. Ila pampu kubwa ilijizima tangu magharibi, nikajua ni fezi. Ikarudi yenyewe alfajiri."

Soketi ya ukutani iko kwenye moja ya fezi zilizobaki hai.

Basi jioni ile, dumu likiwa limepoa na pampu ndogo ikipima vizuri kuliko mchana kutwa, ilikuwa inasukuma klorini kwenye bomba ambalo maji yake yamesimama. Pigo lilikuwa bado 20, yaani gramu 36 kwa saa. Tuchukue saa nne na nusu tu za mwanzo, na tuseme baadaye povu liliikamata tena: gramu 36 mara 4.5 ni gramu 162 za klorini, zimekaa kwenye kipande cha bomba. Alfajiri pampu kubwa inawaka, na shehena yote inapanda kwenye tangi. Tangi likiwa limejaa na limechanganyika vizuri, ni miligramu 3.2 kwa lita. Likiwa nusu, kama linavyokuwa asubuhi watu wakishachota, ni 6.5. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 5 kwa lita kwa maji ya kunywa, na kwa upande wa chini linataka angalau 0.2 ifike kwa mchotaji, na 0.5 baada ya nusu saa tangu dawa itiwe. Mji huu ulikuwa unavuka mipaka yote miwili ndani ya saa 24.

Na ile sifuri? Mzee alichota sampuli kwenye bomba la kibandani, hatua chache mbele ya mahali dawa inapoingilia, muda mfupi baada ya pampu kuwaka. Yaani alichota shehena yenyewe, kabla haijafika kwenye tangi. Kidonge cha kupimia kinageuza maji kuwa ya waridi klorini ikiwepo, na waridi hukolea kadiri klorini inavyozidi. Ila klorini ni dawa ya kung'arisha nguo. Ikizidi sana, tuseme juu ya miligramu 10 kwa lita, inaing'arisha hata ile rangi. Waridi hujitokeza kwa mpepeso wa jicho, kisha hufutika, na maji hubaki meupe kama hayana kitu. Tulijaribu pale pale mbele yake, tone moja la dawa kwenye kikombe cha maji, kidonge kikatiwa. Yakabaki meupe. Akacheka, kisha akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo siku haikuwepo kabisa na siku ilikuwa nyingi kupita kiasi, mimi nikaandika 0 zote."

Dawa ya shaka hiyo ni rahisi: ukiona sifuri na pua inakataa, changanya sampuli na maji yasiyo na klorini mara kumi, pima upya, zidisha. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia. Alifundishwa siku moja jinsi ya kulinganisha rangi, akaachiwa boksi la vidonge.

Ninapoelezea suala la soketi, watu wa fedha huniangalia kama ninayekuza jambo. Kwa hiyo huwa ninawasimulia Hooper Bay, kijiji cha Alaska huko Marekani. Huko hawakuwa wanatia klorini ya kuzidi. Ilikuwa floridi, ambayo wenzetu huiongeza kwenye maji kulinda meno, enzi hizo karibu miligramu 1 kwa lita. (Msomaji wa Arusha atashangaa, maana kule floridi ya asili ndiyo inayoyatia meno rangi ya kahawia na watu wanahangaika kuitoa.) Mei 1992 mitambo ya kudhibiti dozi haikuaminika, vipimo vilivyoonyesha kuzidi havikufanyiwa kazi, na dawa ikapata njia ya kuingia kisimani. Sampuli ya maji ilikutwa na miligramu 150 kwa lita. Wachunguzi walikadiria watu 296 walidhurika, mmoja akafa. Na Februari 2019, katika mji wa Sandy, Utah, umeme ulikatika kwa dhoruba ya theluji, pampu ya floridi ikaharibika na kumwaga dawa isiyochanganywa kwenye mfumo wa maji. Hiyo ni nchi yenye vipimo vya kila namna, na hawakushindwa na jambo kubwa. Dawa iliingia bila kulingana na maji yaliyokuwa yanapita.

Kazi ya kurekebisha ilichukua siku mbili, na nyingi yake haikuwa ya pampu.

Plagi ilihamishwa kwanza. Umeme wa pampu ya dozi sasa unapita kwenye kontakti ya ziada ya swichi inayowasha pampu kubwa, ili kubwa ikizimwa na chochote, rilei, boya la tangi au mkono wa mtu, ndogo nayo ife papo hapo. Hapa mtu makini atauliza, je kama pampu kubwa inawaka lakini maji hayapandi, kisima kimeshuka au shafti imekatika? Swali zuri. Jibu lake ni swichi ya mtiririko kwenye bomba kuu, au bora zaidi mita ya maji inayotoa ishara kwa kila lita kadhaa, na pampu ya dozi ikapiga pigo kwa kila ishara. Hapo dozi inafuata maji yenyewe badala ya kufuata umeme. Bajeti yao haikufika huko. Swichi ya mtiririko iko kwenye maombi ya mwaka ujao.

Dawa tuliipunguza nguvu. Ningeweza kuwashauri wanunue pampu ndogo ya lita 1 kwa saa yenye kichwa cha kutolea gesi, au ile inayokamua mpira kwa magurudumu, kama mtu anavyokamua chuchu ya ng'ombe, ambayo povu halisumbui kwa sababu hakuna vali ya kufungua. Zote ni nzuri, na kwenye mabwawa ya kuogelea ya hoteli zinafanya kazi hiyo kila siku. Lakini walishakuwa na pampu mbili nzima ubaoni. Kwa hiyo: dawa ya gramu 80 kwa lita, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, inatoa gramu 20. Dumu jipya la gramu 120 linachanganywa moja kwa tano, inatoa 20 ile ile. Nguvu ya dumu ikibadilika, kinachobadilika ni kipimo cha kuchanganya. Vitufe vya pampu haviguswi. Gramu 54 zikawa lita 2.7 kwa saa, na tukapanga pigo asilimia 80, kasi 42. Kikombe kikarudi mililita 0.59. Pipa la lita 100 linatosha siku tatu kwa kazi ya saa 12 kwa siku.

Maji ya kuchanganyia yalitusumbua kuliko nilivyodhani. Maji ya kisima hiki ni magumu, sufuria zao za chai zinaonyesha. Ukitia klorini ya sodiamu, ambayo ni kali kama sabuni, chokaa inajitenga na kufanya ukungu mweupe, na tungerudi kwenye mabaki yale yale yaliyomfanya mzee auchukie unga. Ofisi ya mradi ina simtanki la maji ya mvua. Hayo ndiyo yanayotumika mvua zikiwepo. Kiangazi wanachanganya kwa ya kisima jioni, yanalala, asubuhi ukungu umetuama, na mpira wa kufyonza unaning'inia kiganja kimoja juu ya kitako cha pipa ili usinyonye matope.

Pipa liliingia ndani ya kibanda, juu ya jukwaa la matofali, juu kidogo ya pampu, na matundu mawili ya hewa yakatobolewa ukutani. Mpira sasa unashuka mfululizo bila mgongo. Povu likizaliwa linapanda kurudi kwenye pipa badala ya kwenda kwenye pampu. Njia hii ina ubaya wake. Yeyote aliyewahi kunyonya petroli kwa mpira anaujua: chombo kikiwa juu na mwisho wa mpira ukiwa mahali pasipo na msukumo, kimiminika kinajiendea chenyewe. Vali ya kuzuia maji kurudi iliyo juu ya pampu ya kisima ikivuja usiku, maji ya bomba yatashuka kisimani na kuvuta pipa zima la klorini nyuma yake. Kwa hiyo vali ya kuingizia dawa lazima iwe na springi inayodai msukumo kabla ya kufunguka. Yao ilikuwa nayo, imegandwa na chokaa hadi tundu limebaki kama la sindano.

Chokaa hiyo inatoka kwa siki. Na hapa naomba nisimame kidogo, kwa sababu nimeona mtu akikimbia kutoka kwenye kibanda akiwa anakohoa machozi. Siki, au asidi yoyote, ikikutana na klorini ya maji inatoa gesi ya klorini hapo hapo. Zima pampu, punguza msukumo, toa vali, isuuze kwa maji mengi hadi harufu iishe, ndipo uitie kwenye siki, nje, penye upepo. Ukimaliza isuuze tena kabla ya kuirudisha. Mzee aliandika ukutani kwa chaki: MAJI KWANZA.

Silinda iliachwa pale pale ilipofungwa. Kwa lita 2.7 kwa saa, mililita 100 zinapaswa kuisha kwa dakika 2 na sekunde 13. Daftari jipya lina safu mbili zaidi, sekunde za asubuhi na sekunde za saa nane, na safu ya klorini ya kibandani imehamishwa: sasa anapima kwenye bomba la kutokea tangini, ambako dawa na maji vimeshakaa pamoja. Kilula cha sokoni kilibaki.

Alinipigia wiki ya tano. Nilidhani ni povu limerudi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Leo zimechukua dakika 2 na sekunde 40. Ya sokoni imeshuka hadi 0.4, kwa hiyo simu si ya haraka. Nimefungua gololi ya chini, nimekuta chembe ya chokaa imekaa kwenye kiti. Ninayo mkononi hapa." Nikamuuliza kama alisuuza. Akaniambia nisome ukuta.